Usingizi wa Stesheni Sita

Kila asubuhi, baba akiwa bado anajinyoosha chumbani, nilikaa mlangoni pa nyumba yetu ya Makongeni nikamng'arishia viatu. Ilikuwa kazi yangu tangu darasa la nne. Nilimaliza shule, nikamaliza chuo cha lishe, nikapata kazi ya kuwafundisha akina mama kwenye zahanati ya watoto, na viatu bado vilikuwa vyangu. Mkono wa kushoto uliingia ndani ya kiatu kukishikilia, wa kulia ukasugua. Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, na alipenda kusema kwamba gadi hutazamwa viatu kabla ya kutazamwa bendera.

Jumanne moja mkono wangu wa kushoto ulichomwa.

Niliutoa haraka. Tone la damu lilikuwa kwenye kidole cha kati. Nikakigeuza kiatu kwenye mwanga nikaona msumari, umetokeza ndani kama punje ya mchele. Fundi wa Kariokor alikuwa ametia soli mpya wiki iliyopita. Lakini kando ya msumari ngozi ilikuwa imelowa kitu kikakauka, kikawa cheusi na kigumu. Ile haikuwa damu yangu. Ilikuwa ya siku nyingi.

Baba alikuwa ameshakaa mezani, anakoroga chai. Vijiko sita vya sukari, kama siku zote.

"Baba," nikasema, "kiatu kina msumari."

"Unasema?"

Watu wote huniuliza hivyo. Sauti yangu ni ndogo. Chuoni mwalimu alikuwa akinisimamisha nyuma ya darasa ili nijifunze kupaza. Nikarudia.

"Msumari gani? Nimekuwa nacho safarini tangu Ijumaa, sijasikia kitu."

Mama alitua birika. Alimvua soksi yeye mwenyewe, akaushika mguu, akaugeuza. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu lenye kingo nyeupe, limelowa. Baba aliinama akalitazama kama mtu anayetazama mguu wa jirani.

Nilikuwa na neno la kusema pale. Badala yake nikasema, "Chai yako itapoa."

Daktari hakuzungusha maneno. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za miguu. Alimpa vidonge, akamfunga kidonda, kisha akamwambia, "Mzee Kisilu, ukiendelea kula unavyokula, nitaanza kukata kidole, nitarudi kwa wayo, nitamaliza na goti." Tulipotoka nje baba alicheka. "Anapima kama fundi wa suruali." Mama hakucheka. Mimi nilitazama viatu vyake, nikavitazama njia nzima mpaka nyumbani.

Nilifanya nililofundishwa. Nilichora kwenye karatasi ya manila sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo ugali, robo maharagwe. Nikaibandika karibu na kalenda. Baba aliisoma yote.

"Mwandiko mzuri sana, Mwaitu," akasema, kisha akala ugali wa watu wawili, akafuta sahani kwa kidole mpaka ikang'aa. Maishani mwangu sikuwahi kumwona baba akibakiza chakula. Hata punje moja ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ikianguka mezani, aliiokota.

Mwaitu, kwa Kikamba, maana yake ni "mama yangu". Mimi ni Syombua, jina la mama yake baba, ambaye alikufa baba akiwa mdogo, na kwa hivyo tangu nilipozaliwa yeye huniita mama. Kwetu ni jambo la kawaida sana, hakuna anayelifikiria. Nikiwa na miaka mitano nilimtuma baba maji, akaenda akaniletea, watu wakacheka. "Mama akikutuma utakataa?" aliwauliza.

Baada ya wiki mbili kidonda kilikuwa hakijafunga. Nilishindwa kutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilikuwa nikifika kazini namwambia mama wa watu apunguze mafuta, huku nawaza baba yuko Athi River na mkate mzima mfukoni. Jioni nilisikiliza hatua zake kutoka getini, nikijaribu kujua kama mguu mmoja unaburuta.

Ni mama aliyemtaja Bwana Abdurahim. Alikuwa fundi cherehani wa Shauri Moyo, mtu wa Mombasa, anayeshona sare za reli. Zamani, kabla ya kuja Nairobi, alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, Mhindi, aliyewalaza wagonjwa waoga kwa maneno matupu, bila sindano. Abdurahim alijifunza kwa kutazama. Aliacha sigara kwa njia hiyo, na mkewe Bi Kibibi, ambaye hakuweza kumaliza siku bila kutafuna udongo, aliuacha.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, kofia kichwani, kifungo cha shaba cha sare ya reli kikining'inia kwenye uzi. Mama, ambaye mumewe ni mzee wa kanisa, alisimama katikati ya mlango.

"Bwana Fundi, hii si uganga?"

"Uganga una kuku, mama. Mimi nimekuja na uzi tu. Wataalamu huita hipnosisi. Sisi tuliita usingizi wa maneno. Mtu halali usingizi kamili. Anasikia, ila ule ubishi wake ndio unaolala. Hapo unamwambia neno kuhusu kula, linakaa."

"Ubishi wa huyu haulali," mama akasema, akampisha.

Na kweli. Baba alikaa wima kitini, magoti pamoja. Abdurahim alikizungusha kifungo, akasema polepole kwamba kope ni nzito, mikono ni mizito. Baba alikifuata kifungo kwa macho kama anayekagua behewa.

"Regea, mzee."

"Miaka ishirini na sita sijalala kazini."

"Hapa si kazini."

"Mbele ya mwanamume mwenzangu mwenye kifungo cha reli? Ni kazini."

Nusu saa ikapita. Aliyepiga miayo alikuwa Abdurahim. "Fundi, lala wewe," baba akamwambia, "nitakulindia mlango." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuja na chai, nikainama nikasema, "Karibu, baba," na kurudi nyuma.

Abdurahim aliacha kucheka. Alikuwa akitazama mabega ya baba.

"Mama, umeona? Binti amesema maneno mawili, mabega yamemshuka." Akanigeukia. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Mtu hulazwa na sauti asiyojikinga nayo."

Nilisema siwezi. Mama alisema naweza. Baba alisema, "Mwache ajaribu, maskini," na hilo ndilo lililonikalisha.

"Mpeleke mahali anapopajua," Abdurahim akaninong'oneza. "Polepole. Akifika, mwambie ameshiba. Mwambie hana njaa."

Sehemu niliyojua kwamba baba anaijua ni moja. Nikafumba macho ili nisiwaone.

"Treni inaondoka Nairobi," nikasema. "Inakwenda polepole. Makadara. Miguu yako inakuwa mizito. Embakasi. Athi River..."

"Umeruka Marimbeti," baba akasema.

"Leo hatusimami Marimbeti. Konza. Mikono yako ni mizito. Upepo unatulia. Ulu. Kichwa chako ni kizito, baba. Treni inapunguza mwendo. Kima."

Nilipofumbua macho kidevu kilikuwa kifuani. Mama alikuwa ameshika mdomo. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilala mchana. Uso wake ulikuwa laini, mdogo.

"Umeshiba," nikamwambia. "Huna njaa. Chakula si lazima kiishe."

"Ndiyo, Mwaitu," akajibu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini neno lilikuwa la kila siku, na sikulisikiliza.

Tulirudia kila alipokuwa nyumbani jioni. Siku ya nne aliweka vijiko viwili kwenye chai. Siku ya saba hakuweka hata kimoja. Akainywa, akakunja uso, akasema inafanana na maji ya injini. Wiki ya pili alibakiza ugali. Mama aliibeba ile sahani mpaka kwa jirani akawaonyesha. Kidonda kilianza kukauka kutoka pembeni kwenda katikati. Kanisani wanawake waliniita daktari, na mimi nikaangalia chini.

Alichobakiza hakukitupa. Alikisukuma upande wangu. "Kula, Mwaitu. Mimi nimeshiba."

Nilikula. Nilidhani ni mapenzi, na nilikuwa naona haya kukataa. Lakini sahani iliyokuja upande wangu ilikuwa na robo, kisha nusu, kisha karibu yote. Mkanda wake ulipata tundu jipya, halafu jingine. Asubuhi niliona mkono wake ukitetemeka juu ya kikombe. Nilijua maana yake. Ilikuwa kwenye daftari langu la chuo, na mstari nimeupigia kwa wino mwekundu: anayemeza vidonge vya kisukari asikae na tumbo tupu. Nilisoma mstari ule Jumatatu, nikausoma Jumatano. Kila mtu alikuwa na furaha, na sauti iliyoleta furaha ile ilikuwa yangu. Nilifungua mdomo mara ngapi, nikasema chai itapoa.

Ijumaa, saa kumi jioni, nilikuwa navua viatu nikitoka kazini niliposikia mtu akigonga dirisha kwa funguo. Alikuwa jirani yetu, mke wa Thuo.

"Syombua, kimbia getini kwa Selpher. Baba yako ameanguka."

Nilikimbia na kiatu kimoja. Selpher aliuza samaki na sukuma karibu na geti la estate. Watu walikuwa wamemzunguka baba, aliyekaa chini ameegemea meza ya samaki, kofia ya reli imeanguka, anazungumza maneno yasiyoshikana. Shati lilikuwa limelowa kama amenyeshewa.

"Leo mzee wa kanisa ameonja," mmoja akasema.

"Wacha aonje, si mishahara imetoka."

"Nyinyi mtaenda motoni na midomo yenu," Selpher akawaambia. Alikuwa amepiga magoti, chupa ya soda mkononi, anammiminia baba mdomoni kidogo kidogo. "Hajakunywa huyu. Tena hajala. Ona jasho, sukari imemshuka. Mama yangu alikuwa na sukari, hii kitu naijua. Syombua, shika kichwa."

Nilikishika. Kilikuwa chepesi. Soda ilishuka, nyingine ikamwagika shingoni. Baada ya muda macho yake yalizunguka yakanipata.

"Mwaitu," akasema. "Ulikula? Nilikuachia yote."

Mmoja wa wale waliomdhihaki akaiokota kofia ya reli.

Tulimpeleka kwa daktari, akapunguziwa vidonge, akaamriwa kula mara tatu kwa siku, kidogo, bila kukosa. Jumamosi asubuhi mama alimpikia uji. Aliutazama, akausukuma upande wangu. Mama akausukuma upande wake. Akausukuma tena, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango ambao upepo unaufungua.

"Baba Syombua," mama akasema, "unataka kufa njaa mezani kwangu?"

Baba alikiweka kijiko chini. Kisha akaanza kueleza, akitazama uji.

"Mwaka ule wa njaa nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa akipika kile alichopata, anakiweka kwenye kibuyu kimoja, ananiambia, kula umalize, mimi nimeshiba. Nikawa namaliza. Nilikuwa mtoto, niliona anakonda, nikadhani ni uzee. Wakasema treni inaleta magunia ya unga Kima. Akanishika mkono tukatembea siku mbili. Magunia yalichelewa. Alilala kando ya reli, chini ya tangi la maji, hakuamka. Siku ya pili yake treni ikafika."

Nilijua bibi alikufa zamani. Sikuwa nimewahi kuambiwa ni wapi.

"Sasa nyinyi mnanipeleka Kima," akasema. "Nafika, namkuta. Ananiambia, umeshiba, huna njaa. Safari hii ni mimi niliyeshiba. Nikajua amekuja kuchukua chakula chake. Nimekula chake miaka arobaini na zaidi. Nimrudishie, si ni haki?"

Mama alitoka nje na birika ambalo halikuwa na kitu. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Kima nilikichagua kwa sababu ndicho kituo cha sita nilichokikumbuka.

Bwana Abdurahim aliitwa, akaja jioni ile ile bila kifungo chake. Alipoelezwa, alivua kofia akaiweka pajani.

"La jina sikulijua," akasema. "Kwetu pia mtoto hupewa jina la bibi, lakini habaki kuwa bibi. Mngeniambia anamwita mama, nisingemkalisha kile kiti."

"Tungekwambia vipi?" mama akamjibu. "Nani huwaza jambo kama hilo?"

Alikuna kidevu. Alisema neno lililoingia kwa usingizi hutolewa kwa usingizi. Nimrudishe baba njia ile ile, na nikifika nimpe neno jingine. Akaniandikia kwa penseli kwenye karatasi ya kupimia nguo: Mwanangu, mimi nimepata chakula changu. Sasa kula chako, nusu sahani, asubuhi, mchana na jioni.

"Ni maneno ya bibi hayo," nikasema.

"Unasema?"

"Nasema ni maneno ya bibi."

"Ndiyo. Yeye ndiye anayemsikiliza. Tumia mlango uliokwisha kufunguka."

Baba alikubali kukaa kitini, mguu wenye bandeji ukiwa juu ya kigoda. Mama aliweka mezani ugali mdogo na sukuma, ukafunikwa. Nyuma ya ukuta, kwa jirani, redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Karatasi ilikuwa ikilowa jasho mkononi mwangu.

"Treni inaondoka Nairobi," nikasema. "Makadara."

Kope zake zilishuka mapema kuliko siku zote. Alikuwa na haraka ya kufika. Niliona hilo na likaniogopesha.

"Embakasi. Athi River. Konza." Mikono ililegea. "Ulu."

Nikanyamaza.

Aliyekuwa akimngoja kwenye kituo kinachofuata hakuwa mimi. Angekuwa na sauti yangu na jina langu, angemwambia kula, naye angekula kama mtoto anayetii, mpaka siku nyingine ambayo mtu angekosea neno. Na mimi ningekaa kando hivyo hivyo, naona msumari, nasema chai itapoa. Abdurahim aliniashiria kwa kidole: endelea. Niliikunja karatasi.

"Baba, fumbua macho."

Alijitikisa. "Bado hatujafika Kima."

"Hatuendi Kima."

Alifumbua. Alikuwa na macho mekundu, yamechanganyikiwa, ya mtu aliyeshushwa treni katikati ya nyika. Nilifunua sahani. Nikachukua kijiko nikaukata ugali katikati, nusu nikaivuta upande wangu, nusu nikaiacha mbele yake.

"Bibi alisema ameshiba kwa sababu alikupenda," nikasema. "Mimi sijashiba, na sijasema nimeshiba. Hii ni yangu, nitaila. Hiyo ni yako. Mimi si mama yako, baba. Mimi ni mtoto wako."

Maneno yalitoka, lakini yalitoka kwa sauti yangu ile ya siku zote, ya chini, na mwisho wake ukamezwa na redio. Baba aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, kama anavyofanya akiwa ndani ya behewa la mwisho na injini iko mbali.

"Unasema?"

Nilisimama. Kiti changu kilianguka, sikukiokota. Nilisema kwa nguvu mpaka jirani akapunguza redio.

"Nasema naogopa, baba. Tangu siku ya msumari naogopa. Sitaki ufe."